Redio ya Mkononi hadi Rusumo

Stesheni za Dar es Salaam zilianza kukwaruza kwenye mizani ya Vigwaza. Basi lilitoka Mbezi saa 12 alfajiri, na tangu hapo nilikuwa nimechomeka waya kwenye sikio moja, redio ndogo ya betri 2 iko mfukoni. Sikio la pili niliwaachia abiria wenzangu. Safari yenyewe niliipanga kwa ajili ya kusikiliza: kutoka Pwani hadi daraja la Rusumo, mpakani na Rwanda, zaidi ya kilomita 1,200, nikifungua kila stesheni inayoshika njiani. Nilitaka kujua kila moja inamsemesha nani, na neno linapita mikononi mwa akina nani kabla halijafika kwenye kipaza sauti.

Asubuhi ya Dar es Salaam hewani ni asubuhi ya magazeti. Mtangazaji anasoma vichwa vya habari, mwenzake anadakia, msikilizaji anapiga simu akilalamikia maji ambayo hayajatoka bombani tangu juzi. Clouds FM, iliyoanza mwaka 1999 chini ya Joseph Kusaga na marehemu Ruge Mutahaba, na inayojiita Redio ya Watu, imejijengea jina kwa mtindo huu wa watangazaji kadhaa kuketi pamoja na kuzungumza kama walio barazani. Baraza hilo husikika kama limezuka tu. Nyuma yake yuko mtayarishaji aliyefika studio usiku haujaisha, amewapigia wageni simu, amekata vipande vya sauti vilivyotumwa na waandishi wa mikoani, na mbele yake kuna orodha ya wadhamini ambao lazima watajwe kwa dakika walizolipia. Redio ya biashara huuza masikio ya wasikilizaji wake, na masikio ya mji ulio kwenye foleni saa 1 asubuhi ni bidhaa ghali. Ndiyo maana sauti zilizochangamka kuliko zote hupangwa saa hiyo.

Nikageuza kitufe hadi TBC Taifa, na mwendo ukapungua mara moja. Hapa sentensi zimeandikwa, zimepita kwa mhariri, zimepangwa kwa kufuata vyeo: Rais kwanza, kisha Makamu, kisha Waziri Mkuu, na mkulima wa Mpanda anafika mwishoni kama ana bahati. Lakini msomaji anatamka kila herufi. Nimesafiri na vijana wanaoicheka redio hii, na mimi nasema bila kusita kwamba Kiswahili changu nimekipata kwake.

Kabla ya TBC ilikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD, na kabla yake Sauti ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1951 ikisikika mjini tu. Jina la RTD lilikuja mwaka 1965, na la TBC mwaka 2007. Kwa watu wa umri wangu RTD ndiyo iliyokuwa redio yenyewe, wala hatukuwa na ya kuilinganisha nayo. Nyumbani kwetu ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na betri zilipochoka zilianikwa juani juu ya bati ili zivute siku 2 zaidi. Ngoma ya taarifa ya habari ilipolia, hata watoto tuliokuwa tukicheza rede uani tulijua kunyamaza. “Mama na Mwana” kilikuwa kipindi chetu sisi wadogo. “Pwagu na Pwaguzi” kilikuwa cha nyumba nzima. “Ugua Pole” kilikuwa cha waliolazwa hospitalini na wanaowakumbuka. Na matangazo ya vifo yalikuwa ya nchi nzima: jina la marehemu, kijiji chake, kisha mlolongo wa ndugu wanaojulishwa, mmoja yuko Tukuyu, mwingine Tarime, mwingine Mtwara. Mama alizisikiliza orodha hizo ameshika mwiko hewani, hata zilipowataja watu asiowajua, kwa sababu kwa familia nyingi hiyo ndiyo njia pekee msiba uliweza kuwahi kabla ya mazishi.

RTD ilikuwa pia studio ya nchi. Bendi iliyotaka santuri iliitegemea Nairobi. Iliyotaka kusikika ilikwenda Pugu Road, barabara ambayo leo ni Nyerere, ikarekodi kwenye kanda kubwa za kuzunguka. Mlimani Park, Msondo na wengine wengi wamo kwenye kanda hizo. Mashairi yalipitiwa kwanza na kamati, iliyoangalia lugha na maadili. Bendi ilipiga pamoja mwanzo hadi mwisho, na mpiga gita akikosea, wote walirudi mwanzo. Nikiusikia muziki huo leo huwa najua sababu ya uimara wake: ulikaguliwa na watu wengi kabla ya kutoka.

Kisha ikaja sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 na mlango ukafunguka. Radio One ya Reginald Mengi iliingia hewani mwaka uliofuata, na miongoni mwa vijana wake alikuwamo Mike Mhagama, anayetajwa mara nyingi linapozungumziwa chimbuko la jina Bongo Fleva. Kamati ikaondoka njiani, na mwamuzi akawa DJ. Kijana wa Temeke mwenye wimbo kwenye sidii angeweza kusikika nchi nzima ndani ya wiki moja. Hilo ni jambo kubwa, na sitamani turudi nyuma. Ila uamuzi uliokuwa wa watu wengi ulibaki kwa mtu mmoja, na kila mwanamuziki wa wakati huo anajua alivyosubiri mlangoni kwa mtu huyo.

Milima ya Uluguru ilipotokeza, masafa ya Dar yalikuwa yamekufa kabisa. FM husafiri mstari ulionyooka, kama macho: mahali ambapo mnara unazibwa na mlima, redio nayo inazibwa. Masafa ya kati hutambaa juu ya ardhi, na usiku hupanda juu na kurudishwa chini na anga, yakafika mbali sana. Ndiyo sababu zamani redio moja iliweza kuifunika nchi kwa mitambo michache, na ndiyo sababu leo kila mji wenye mlima una redio yake. Morogoro ina kadhaa. Abood, jina ambalo wasafiri wanalifahamu ubavuni mwa mabasi, linasikika pia hewani: Abood FM. Mada ya saa ile ilikuwa mpunga na mifugo iliyoingia shambani, na waliopiga simu walitajana kwa majina ya vitongoji. Mtangazaji hakuhitaji kueleza kitongoji kiko wapi. Anayemsikiliza anakaa karibu.

Dodoma nililala. Nilikuwa na deni na mji huu, deni la kuelewa.

Mwezi Julai 1993 RTD ilianza kurusha mchezo wa kuigiza ulioitwa “Twende na Wakati”, mara 2 kwa wiki, nusu saa kila mara, saa 12:30 jioni. Ulihusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Mhusika aliyevuma kuliko wote alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo cha barabarani, na mkewe Tunu, ambaye hatimaye anachoka, anamwacha na kuanza biashara yake. Mbinu ya mchezo huo ilitoka Mexico, kwa Miguel Sabido, mtayarishaji wa michezo ya televisheni: weka mtu wa kuigwa, weka wa kuepukwa, na katikati yao weka anayeyumba, anayefanana na msikilizaji. Kabla ya kuandikwa kwa mstari wa kwanza watafiti walikwenda kuwauliza watu mambo yao: wanaamini nini kuhusu mimba, wanamwogopa nani, nani huamua nyumbani idadi ya watoto. Majibu yakawa malighafi ya waandishi. Waigizaji wakaingia studio baadaye sana.

Mchezo huo ulisikika karibu nchi nzima isipokuwa hapa. Mtambo wa Dodoma uliweza kurusha vipindi vyake wenyewe, na hadi mwaka 1995 saa hiyo ulirusha kipindi kingine. Ilikuwa ni kwa makusudi. Watafiti, akiwamo Mmarekani Everett Rogers, walitaka eneo la kulinganisha, wapime kama redio kweli inabadilisha watu. Wakahoji watu pande zote mbili, mwaka baada ya mwaka. Waligundua kwamba walikosikia mchezo matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda kuliko Dodoma, na Dodoma ilipofunguliwa masafa mwaka 1995, nayo ikafuata. Ni mara chache duniani redio imepimwa hivyo kwa nchi nzima. Nilikaa kibarazani kwa mwenye nyumba ya wageni jioni ile, saa 12:30 kamili, nikawafikiria waliokaa kwenye vibaraza kama kile miaka hiyo miwili bila kujua kwamba kuna jambo linasemwa na wao hawasemeshwi. Kama mtafiti ningefanya vilevile. Kama mkazi wa Dodoma aliyepoteza ndugu miaka ile, ningekuwa na maswali.

Mwenye nyumba, mama wa makamo, aliposikia ninachokitafuta alisema yeye anaikumbuka redio ya zamani zaidi. “Mwanangu, ile ya kuchimba vyoo.” Alimaanisha “Mtu ni Afya” ya mwaka 1973. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni hiyo kwa wiki 12. Vikundi zaidi ya 70,000, vyenye watu takribani milioni 2, vilikutana kuizunguka redio, vikasikiliza kipindi, vikasoma kijitabu, vikajadiliana, kisha vikatoka na majembe. Vyoo vilivyochimbwa vilikuwa mamia ya maelfu. Mama huyu alikuwa msichana. Baba yake alishika redio ya kikundi, na kazi yake yeye ilikuwa kuipangusa vumbi. Sijawahi kusikia mtu akieleza redio kwa namna hiyo mjini: kitu kinachowakusanya watu kwenye duara, kinazimwa, kisha mazungumzo ndiyo yanaanza.

Kutoka Dodoma barabara inapita Manyoni na Singida hadi Misigiri, na hapo malori hupumzika kabla ya kuteremka Sekenke kwenda mbuga ya Wembere. Basi letu lilisimama kwa chakula. Nikamsalimu dereva mmoja wa lori, mzee mwenye shati la kaki, “Shikamoo mzee,” akaniitikia na kunipisha benchi. Alikuwa amebeba ngano kwenda Kigali, na utingo wake alikuwa chini ya trela akigonga matairi. Nikamuuliza anasikiliza nini njiani. Akaniambia kwamba vijana sasa wanaweka muziki kwenye flashi, lakini yeye bado anatafuta stesheni, kwa sababu redio humwambia amefika wapi. Gizani, kabla ya kuona kibao, anasikia tangazo la duka la vipuri na anajua mji uko mbele. Nikamtajia Mkwaju. Akatazama chini kidogo. “Yule walimwandika vizuri,” akasema. “Wengi wetu tulijiona mle. Na wengi niliokuwa nao hawapo.” Sikumuuliza zaidi.

Baada ya Nzega hewa ni ya Kanda ya Ziwa. Radio Free Africa ya Mwanza inatawala, na nje ya Kahama nilizipata redio ndogo za mji wa dhahabu, zenye matangazo ya nyumba za kulala, simu za mkopo na pampu za maji. Jambo lililonishika hapa ni salamu. Kijana anamsalimu rafiki yake aliyeko mgodini, mke anamsalimu mume aliyeko Geita, mama mkwe anatajwa kwa heshima zote, na mtangazaji anasoma majina 20 mfululizo bila kupumua. Watu wa mjini hukidharau kipindi hiki. Lakini kukitengeneza si mchezo. Mtangazaji lazima atamke majina ya Kisukuma, Kinyamwezi, Kiha na Kihaya bila kumvunjia mtu heshima, na jina likikosewa mwenyewe hupiga simu dakika hiyohiyo. Mhariri wa taarifa ya habari huwa hapati msikilizaji mkali kiasi hicho.

Majina yalikuwa ya Kisukuma, na kipindi kilikuwa cha Kiswahili. Kanuni za utangazaji Tanzania zimeifanya redio kuwa ya Kiswahili na Kiingereza, na lugha nyingine huhitaji idhini. Kenya ilipita njia tofauti. Kameme FM ilianza kwa Kikuyu mwaka 2000, zikafuata Ramogi kwa Kijaluo, Inooro, Kass na nyingine nyingi, na leo mkulima wa kule husikiliza bei ya mahindi kwa lugha ya mama yake. Nawaonea wivu kwa hilo. Bibi yangu alikufa bila kuielewa vizuri redio iliyokuwa kabatini kwake. Hata hivyo, baada ya machafuko ya uchaguzi wa mwaka 2007, mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alifikishwa mahakamani The Hague, na kesi ikafutwa mwaka 2016. Lugha ya nyumbani inaingia ndani zaidi ya sikio. Inaingia na chochote ilichobeba.

Nililifikiria hilo njia nzima kutoka Runzewe hadi Nyakanazi, na Lusahunga hadi Benaco, kwenye misitu ambayo zamani mabasi yalisindikizwa na polisi. Benaco ni njia panda tulivu sasa, yenye malori, mishikaki na ndizi. Jina lake ni la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya takribani saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuja kukaa hapa, na chini ya daraja hilo mto Kagera ulikuwa unapeleka maiti Ziwa Victoria.

RTLM, redio iliyochochea mauaji ya Rwanda, ilianza hewani tarehe 8 Julai 1993. Mwezi uleule wa “Twende na Wakati”. Niliirudia tarehe hiyo mara kadhaa nikiwa nimesimama kituoni. Redio mbili, pande mbili za mto mmoja, na zinafanana kuliko ninavyopenda kukiri: zote mbili zilijua kumsemesha msikilizaji kama mtu wa nyumbani. RTLM ilikuwa na muziki mzuri, utani, simu za wasikilizaji, sauti ya mtu anayeongea kama rafiki yako wa baa badala ya kusoma karatasi. Radio Rwanda ilikuwa rasmi na baridi. RTLM ilikuwa moto, na vijana waliipenda kwa hilo. Kuanzia Aprili 1994 sauti hizohizo zilitaja watu kwa majina, na mahali walipojificha. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa kuhusu Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waanzilishi wake, pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura, Hassan Ngeze. Wataalamu bado wanabishana ni mauaji mangapi yalisababishwa na redio yenyewe. Kwangu tofauti ya redio hizi mbili iko kabla ya studio. Ya huku ilianza kwa kuwauliza watu wanaishije. Ya kule ilianza na jibu, na wenye redio walikuwa na wa kumlenga.

Mwaka 1995, wilaya hiihii ya Ngara ikiwa imejaa wakimbizi, Shirika la Wajesuiti la Kuwahudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera. Kwizera, kwa Kirundi na Kinyarwanda, ni kuamini, kutumaini. Fikiria kazi hiyo. Wasikilizaji ni watu ambao mwaka mmoja nyuma walisikia redio ikiua. Miongoni mwao wamo waliokimbia kifo na wamo waliokitenda, kwenye hema zilizopangana. Kila tangazo la mgao wa chakula, chanjo au shule linapimwa: limesemwa kwa lugha ya nani, limemtaja nani kwanza. Redio ya biashara hutafuta neno linalovuta, na ya taifa hutafuta neno lililo rasmi. Hapa neno linalotafutwa ni lile ambalo halitamtisha mtu. Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao, Warundi wakabaki miaka mingi, na redio ikabaki pia, ikawa ya wenyeji wa Ngara na wilaya za jirani.

Niliisikiliza jioni kwenye genge la mama mmoja karibu na Rusumo, maporomoko yakisikika kwa chini. Redio yake ilikuwa imefungwa kwa mpira kwenye nguzo. Kilikuja Kiswahili, kisha Kirundi, ambacho Mhangaza kama yeye hana haja ya kutafsiriwa. Nilimuuliza kama mwaka ule wa 1994 alikuwepo.

“Nilikuwepo. Walikuja na magodoro, sufuria, watoto mgongoni. Na redio. Wengine hawana hata blanketi, redio wanayo.” Akageuza viazi kwenye karai. “Baba alituzuia kuzisogelea. Alisema, nendeni mkawape maji, lakini wakiwasha redio rudini.”

Nilitoa redio yangu mfukoni nikazungusha kitufe, kwa mazoea ya siku 3. Ikashika stesheni ya Kigali, matangazo ya benki kwa Kinyarwanda, muziki wa injili, kisha mtangazaji wa kike akicheka na mpigaji simu. Mama alisikiliza kidogo, mwiko mkononi, akitafuta katika kicheko kile kitu anachokijua yeye.

“Hawa wanaongea mambo ya mpira,” akasema, akarudi kwenye karai.